GRUB ya kwenye chipu na GRUB ya kwenye diski

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua ThinkPad X200 ya mtumba, imekuja na Libreboot tayari. Nimesakinisha Debian 12 na kukubali usimbaji fiche wa diski kama kisakinishi kilivyopendekeza. Kila nikiwasha, menyu ya GRUB inatokea, na chaguo la kwanza linaniomba nywila ya diski. Naiandika sawasawa, inakataliwa. Nikibonyeza c na kuandika `configfile (ahci0,msdos1)/grub/grub.cfg`, Debian inawaka, tena nywila ileile inakubaliwa. Nimeshaendesha `update-grub` na `grub-install`, menyu ya mwanzo haibadiliki hata chembe. Nifanyeje iwake yenyewe? Na nikikosea, mashine inakufa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Amri unayoiandika kwa mkono kila ukiwasha ndiyo jibu lenyewe. Imebaki kuihamishia ndani ya chipu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama, na kazi hiyo haiui mashine ukienda nayo taratibu. Lakini kwanza tuone kwa nini `update-grub` imekuzungusha, maana ukiruka hapo utarudi mwezi ujao na tatizo hilihili limevaa nguo nyingine.

Mashine yako ina GRUB (programu inayoupakia mfumo ukiwasha) mbili, na hiyo ya Debian unayoihangaikia haijawahi kufanya kazi hata sekunde moja tangu uisakinishe.

Kwenye kompyuta ya kawaida, BIOS ya kiwandani husoma mwanzo wa diski, huikuta GRUB iliyowekwa pale na `grub-install`, kisha huiachia kazi. X200 yako haina tena BIOS hiyo. Libreboot, programu huria iliyochukua nafasi yake, imejengwa juu ya coreboot, mradi ulioanza mwaka 1999 kwa jina la LinuxBIOS katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, ukabadilishwa jina 2008. Coreboot inajitahidi kufanya kidogo iwezekanavyo: inaamsha RAM na chipseti, halafu inakabidhi usukani kwa programu nyingine iliyofungashwa nayo ndani ya chipu hiyohiyo kwenye ubao mama. Kwako programu hiyo ni GRUB. Inaanza ikiwa imeshakamilika, haihitaji kitu chochote kutoka mwanzo wa diski, kwa hiyo `grub-install` inaandika mahali ambapo hapana anayesoma.

`update-grub` ni habari nyingine. Yenyewe inaandika faili la maandishi, `/boot/grub/grub.cfg`, lenye orodha ya keneli zako (keneli ni kiini cha mfumo wa Linux) na vigezo vyake. Faili hilo GRUB ya kwenye chipu inaweza kulisoma vizuri kabisa. Ndiyo maana amri yako ya `configfile` inafanya kazi. Katika GRUB nzima ya Debian, wewe unahitaji faili hilo moja tu. Mengine yote yamekaa bure.

Tazama pia majina. Ukifungua `grub.cfg` ya Debian utakuta `hd0,msdos1`, lakini kwenye mashine yako diski inaitwa `ahci0`. Jina la `hd0` hutoka kwa BIOS, na BIOS haipo. GRUB yako inaongea na diski kwa dereva zake yenyewe, ndipo unapata `ahci0` kwa diski ya SATA na `usb0` kwa flashi. Watu wengi wanaona `hd0` mle ndani wanaingiwa na hofu, wanaanza kulihariri faili la Debian kwa mkono. Usiliguse. Chini ya mstari huo kuna amri ya `search` inayotafuta patisheni kwa UUID yake (namba yake ya utambulisho), na hiyo haijali diski inaitwaje.

Sasa hiyo nywila inayokataliwa. Kabla ya kubadilisha chochote, washa mashine, simama juu ya chaguo la kwanza kwenye menyu, bonyeza herufi e. Utaona maandishi ya ndani ya chaguo hilo. Sitashangaa ukikuta `cryptomount -a`, na chini yake jina la LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) usilolifahamu. Huo ni mpangilio wa mwenye mashine wa kwanza, aliyekuwa amefunga diski nzima pamoja na `/boot`. Wewe ulifuta diski yake, lakini chipu haikufutwa. Mpangilio wa kawaida wa Libreboot ungetafuta kwanza patisheni zisizofungwa, ungeiona `grub.cfg` yako na kuwaka bila kukuuliza kitu.

Na kwa nini inakataa nywila iliyo sahihi? Ukiwa ndani ya Debian endesha hii:

`sudo cryptsetup luksDump /dev/sda5`

Tafuta mstari wa PBKDF. Kwa Debian 12 utasoma `argon2id`. Hiyo ndiyo njia inayotumika kugeuza nywila yako kuwa ufunguo, na imetengenezwa kwa makusudi itumie RAM nyingi ili mtu asiweze kukisia nywila kwa kasi. GRUB ilianza kuielewa LUKS2 (muundo wa usimbaji fiche wa diski kwenye Linux) kwenye toleo la 2.06 la mwaka 2021, lakini kwa njia ya zamani ya PBKDF2 peke yake. GRUB ya namna hiyo ikikutana na Argon2 haina la kufanya: inakuomba nywila, inashindwa kuitumia, inakuambia umekosea. Hujakosea.

Hapa utakutana na ushauri wa kubadilisha ufunguo kwenda PBKDF2 kwa `cryptsetup luksConvertKey`. Kwa hali yako ni ushauri mbaya. Kisakinishi cha Debian kimeiacha `/boot` nje ya usimbaji fiche, kwenye `sda1`, na hapo ndipo zilipo keneli na initrd (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na keneli). GRUB haina sababu ya kuifungua `sda5`. Keneli ikishapanda, initrd ndiyo inayokuomba nywila, nayo inaijua Argon2 vizuri. Ukibadilisha ufunguo utakuwa umeidhoofisha kufuli ya diski ili kuiridhisha programu isiyotakiwa hata kuigusa. PBKDF2 ina maana kwa mtu anayetaka `/boot` nayo ifungwe na GRUB yake bado haina uwezo wa Argon2. Huyo siyo wewe.

Kuna mtego mwingine wa nywila unaofanana na huu, nautaja kwa sababu unapoteza watu siku nzima. Kama X200 yako ilitoka Uingereza, kibodi yake ina @ na alama ya nukuu " zimebadilishana nafasi ukilinganisha na ya Marekani. GRUB mara nyingi inachukulia kibodi ni ya Kimarekani, huku Debian uliipangia ya Uingereza. Nywila yenye @ itakubaliwa na Debian na kukataliwa na GRUB, na huoni kosa kwa sababu herufi hazionekani. Siku utakapoweka nywila ya aina yoyote kwenye GRUB, tumia herufi na tarakimu tu.

Tuje kwenye cha kuandika. Chukua UUID ya patisheni ya `/boot`:

`sudo blkid /dev/sda1`

Nakili ile iliyoandikwa `UUID`. Pembeni kuna `PARTUUID`, iache. Ya `sda5` nayo iache, hiyo ni ya kontena la LUKS. Kisha tengeneza faili dogo, uliite `jaribio.cfg`:

```
set timeout=3
set default=0

menuentry 'Debian' {
    search --no-floppy --fs-uuid --set=root WEKA-UUID-HAPA
    configfile /grub/grub.cfg
}
```

Angalia njia ya faili: ni `/grub/grub.cfg`, haianzi na `/boot`. Ukiwa ndani ya Debian faili hilo liko `/boot/grub/grub.cfg` kwa sababu `sda1` imepachikwa hapo. Lakini GRUB inaitazama patisheni yenyewe kama ilivyo, na juu kabisa ya patisheni hiyo kuna folda ya `grub`. Tofauti hii ya neno moja ndiyo inayowarudisha wengi kwenye `grub>` bila kuelewa kwa nini.

Nimetumia UUID badala ya `(ahci0,msdos1)` uliyoizoea. Ya kwako inafanya kazi leo, ila ukija kubadilisha diski ukapanga upya patisheni kwa GPT (mpangilio mpya wa patisheni), `msdos1` itageuka `gpt1` na chipu itakuwa inatafuta kitu kisichokuwepo. UUID unaweza hata kuihamisha na diski: ukinakili patisheni nzima kwenda SSD mpya, inakwenda nayo.

Utaona watu wengine wanaandika keneli yenyewe kwenye chipu, mstari wa `linux /vmlinuz-6.1.0-...` na wa `initrd` chini yake. Inawaka, tena haraka. Halafu siku moja `apt` inaleta keneli mpya, `autoremove` inaiondoa ya zamani, jina lililochongwa kwenye chipu linabaki halina mwenyewe. Kwenye chipu weka njia ya kulifikia faili la Debian, basi. Kila kitu kinachobadilika kikae kwenye diski, ambako `update-grub` inakitunza bila wewe kuiandika chipu tena.

Kabla ya kugusa chipu, jaribu. Hatua hii watu wanairuka na sijui kwa nini, maana haina gharama yoyote. Nakili faili lako kwenda `/boot/jaribio.cfg`, likague sarufi kwa `grub-script-check /boot/jaribio.cfg` (lisipojibu kitu, liko sawa), kisha washa upya, bonyeza c, uandike:

`configfile (ahci0,msdos1)/jaribio.cfg`

Ikitokea menyu yenye neno Debian na ikawaka yenyewe baada ya sekunde tatu, chaguo lako ni zima. Lisipowaka, rudi urekebishe kwenye diski kama faili jingine lolote. Unaweza kurudia hivyo mpaka uchoke, chipu haijaguswa.

Likishakuwa zima, ndipo tunaingia kwenye chipu. Vifaa ni viwili. `flashrom`, ya kusoma na kuandika chipu, ipo kwenye hazina ya Debian. `cbfstool`, ya kuhariri mafaili yaliyomo ndani ya chipu, unaijenga kutoka msimbo wa coreboot:

```
sudo apt install flashrom git build-essential pkg-config libssl-dev
git clone https://review.coreboot.org/coreboot.git
cd coreboot
git submodule update --init 3rdparty/vboot
make -C util/cbfstool
```

Keneli ya Debian inazuia programu kugusa moja kwa moja kumbukumbu ya vifaa, kwa hiyo flashrom itakataa mpaka uwashe kwa ruhusa maalumu. Kwenye menyu ya Debian bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `iomem=relaxed`, kisha Ctrl na x. Ruhusa hiyo inaisha ukizima mashine, na ndivyo inavyotakiwa. Usiiandike ya kudumu.

Soma chipu mara mbili, ulinganishe:

```
sudo flashrom -p internal -r asili.rom
sudo flashrom -p internal -r asili2.rom
sha256sum asili.rom asili2.rom
```

Namba mbili zikitofautiana, simama hapo, kuna usomaji usioaminika. Zikilingana, `asili.rom` nakili kwenye flashi mara moja, kabla ya kuendelea. Nakala iliyomo ndani ya mashine unayotaka kuifanyia upasuaji siyo nakala ya akiba. Flashrom ikilalamika kwamba hii ni laptopu, soma inachosema chote, itakutajia kigezo cha kuongeza. Ikikosa uhakika na aina ya chipu itakupa majina uchague kwa `-c`.

Sababu ya kusoma kutoka kwenye mashine yako badala ya kupakua ROM (faili la yote yanayokaa kwenye chipu) mpya mtandaoni ni anwani ya MAC ya waya wa mtandao. Kwenye X200 imeandikwa ndani ya chipu hiyohiyo, kwenye eneo la GbE (la kadi ya mtandao). ROM ya kupakua inakuja na ya kwake ya mfano, wewe unaiandika nzima, unapoteza ya kwako. Ukihariri uliyoisoma mwenyewe, yote hayo yanabaki yalivyo.

Sasa fungua uone kilichomo:

```
cp asili.rom mpya.rom
./util/cbfstool/cbfstool mpya.rom print
```

Utapata orodha: `bootblock`, `fallback/romstage`, `fallback/ramstage`, `fallback/payload` ambayo ndiyo GRUB yenyewe, na humo `grub.cfg`, pengine na `grubtest.cfg`. Itoe:

`./util/cbfstool/cbfstool mpya.rom extract -n grub.cfg -f grub.cfg`

Ifungue kwa kihariri chochote cha maandishi. Juu kabisa kuna mistari inayoamsha vitu, kama `insmod nativedisk` na `terminal_input --append at_keyboard`. Usiisafishe kwa sababu huielewi. Bila wa kwanza huenda `ahci0` isionekane. Bila wa pili kibodi haijibu kwenye menyu, na hapo ndipo kosa dogo linapokuwa kubwa, maana huwezi tena kuandika amri ya kujiokoa. Kazi yako ni moja: lile chaguo la kwanza, kuanzia `menuentry` mpaka mabano yanayofunga, liondoe, na mahali pake weka lako ulilolijaribu. Pitisha `grub-script-check` tena, halafu:

```
./util/cbfstool/cbfstool mpya.rom remove -n grub.cfg
./util/cbfstool/cbfstool mpya.rom add -n grub.cfg -f grub.cfg -t raw
```

Kama `grubtest.cfg` ipo kwenye orodha na menyu yako bado ina chaguo la kuipakia, mwenye wasiwasi aanze na hiyo: weka maandishi mapya kwenye `grubtest.cfg`, iandike kwenye chipu, ijaribu kutoka kwenye menyu, kisha ndipo ubadilishe `grub.cfg`. Inakufanya uandike chipu mara mbili. Kwako, uliyekwisha kujaribu chaguo lenyewe kutoka kwenye diski, naona si lazima.

Betri iwe na chaji, chaja iwe imechomekwa. Umeme ukikatika, betri ipo. Betri ikiwa imechoka, kama zilivyo nyingi za mtumba, usianze kazi hii wakati wa mgao.

`sudo flashrom -p internal -w mpya.rom`

Flashrom inalinganisha kilichopo na kipya, inafuta na kuandika sehemu zilizobadilika, kisha inasoma tena kuhakiki. Unachosubiri ni neno `VERIFIED`. Usipoliona, usizime mashine. Mfumo uko kwenye RAM, unaendelea kufanya kazi hata kama chipu imechafuka, na bado unaweza kuandika `asili.rom` kurudisha ulipokuwa. Wanaoua mashine ni wale wanaoona kosa, wanaingiwa na hofu, wanabonyeza kitufe cha umeme.

Hapo nimeshajibu nusu ya swali lako la kufa. Nusu nyingine: ukikosea ndani ya `grub.cfg`, coreboot na GRUB ni wazima, kwa hiyo utaangukia `grub>`, utaandika ile amri yako ya zamani, Debian itawaka, utarekebisha. Kufa kwa kweli ni pale `bootblock` au `fallback/payload` zinapoharibika, au ukiandika ROM ya mashine nyingine. Hata hapo dawa ipo, ila ni ya bisibisi: unafungua laptopu, unabana kibanio kwenye chipu na kuiandika kutoka kompyuta nyingine. X200 zilitoka na chipu ya miguu 8 ya MB 4 au ya miguu 16 ya MB 8, kwa hiyo tazama kwanza kabla ya kununua kibanio. Chipu hizo ni za volti 3.3. Zile programa za bei nafuu za CH341A, nyingine zinatoa volti 5 kwenye nyaya za data, zipime kwa mita kabla ya kuziunganisha na kitu unachokipenda.

Ukishawaka utaona menyu mbili mfululizo, ya chipu kisha ya Debian, kila moja na muda wake wa kusubiri. Punguza ya Debian: `GRUB_TIMEOUT=1` ndani ya `/etc/default/grub`, halafu `update-grub`, ambayo sasa utaona matokeo yake. Ya chipu usiishushe hadi sifuri. Sekunde hizo tatu ndizo mlango wako wa kubonyeza c siku mambo yakiharibika.

Na kama umesoma mpaka hapa ukaona haya yote si yako, tazama kama ile orodha ya `cbfstool` ina `seabios.elf`. SeaBIOS inajifanya BIOS ya kawaida, inasoma mwanzo wa diski, na GRUB ya Debian uliyoiweka kwa `grub-install` itapata kazi. Kwenye chaguo la kwanza unaandika `set root='cbfsdisk'` na chini yake `chainloader /seabios.elf`, hutafuti UUID ya mtu. Itabidi uiandike chipu vilevile, mara hiyo moja.